Bipodi na fimbo za kulengea kwenye bunduki ya springi: dalili, sababu na tiba

Malalamiko yanafanana. Mtu wa Nyegezi au Igoma, hapa Mwanza, ananunua bipodi, ile miguu miwili ya kuegemezea bunduki, anaifunga mbele ya bunduki yake ya upepo inayotumia springi, analala kifudifudi akitarajia matundu yote yaingiane, halafu karatasi inamwonyesha kinyume chake. Alipokuwa anashika kwa mkono alipiga vizuri zaidi. Anarudi kwa muuzaji, muuzaji anaikagua bipodi na kumwambia ni nzima. Wote wawili wanasema kweli.

Tatizo liko kwenye namna bunduki ya springi inavyofanya kazi. Ukivuta triga, springi inaachiwa na kuisukuma pistoni mbele. Pistoni ni nzito, kwa hiyo ikienda mbele bunduki nzima inarudi nyuma. Mwisho wa safari yake pistoni inakutana na hewa iliyobanwa, inasimama ghafla, na bunduki inatupwa mbele. Ni mateke mawili, moja la nyuma na moja la mbele, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Ubaya ni kwamba bunduki inaanza kusogea wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Chochote kinachoigusa bunduki wakati huo, iwe bega, kiganja, mfuko wa mchanga au mguu wa chuma, kinaamua mtutu utakuwa unaangalia wapi risasi ikitoka.

Ndiyo maana wazoefu wa bunduki hizi hawazikazi. Wanaziweka juu ya kiganja kilichofunguka na kuziacha zicheze, bora zicheze vilevile kila mara. Bipodi iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya baruti haijui habari hiyo. Yenyewe inabana.

Kabla ya kugusa skrubu

Mwanza ni mawe, na mawe yenyewe ni matale (graniti). Risasi ya bunduki ya upepo ikipiga jiwe hilo inaweza kukurudia wewe, au ikakwaruza uso wa jiwe na kwenda upande ambao hukuulenga. Maji ya ziwa nayo yanarusha risasi ikifika kwa pembe ndogo. Kwa hiyo usipige ukielekea mawe wala ziwa, hata kama unaona hakuna mtumbwi. Tengeneza sanduku la mbao lililojazwa matambara yaliyoshindiliwa au udongo mkavu usio na kokoto, liweke mbele ya kichuguu au ukingo wa udongo, ubandike karatasi yako hapo. Vaa miwani ya kinga, wewe na anayekutazama.

Karatasi ndiyo shabaha. Ndege si shabaha, na wale korongo wanaorandaranda kwenye mialo ya samaki wamo pia katika hesabu hiyo: wanyamapori wana sheria yao ya mwaka 2009. Kisiwa cha Saanane, kilicho mbele ya mji, ni hifadhi ya taifa. Habari za kibali cha bunduki kaulize kituo cha polisi cha wilaya yako kabla ya kununua. Maneno ya muuzaji hayakulindi ukisimamishwa barabarani.

Sasa fanya jaribio moja ambalo wengi wanaliruka. Ondoa bipodi. Kaa chini, weka mfuko laini mbele yako, kiganja juu ya mfuko, bunduki juu ya kiganja bila kuifumbata, kitako kikigusa bega kwa wepesi. Piga risasi tano kwenye karatasi iliyo mita 20. Kizibo cha soda kikifunika matundu yote matano, bunduki yako ni nzima na wewe ni mzima. Endelea na dalili zilizo hapa chini. Kama matundu yametawanyika hata hivyo, bipodi haina kosa. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya pili.

Dalili ya kwanza: matundu yako pamoja, ila yamehama juu

Hii ndiyo inayoulizwa kuliko zote. Kundi la matundu ni zuri, lakini limekaa juu ya pale ulipokuwa unapiga kwa mkono, wakati mwingine limeegemea na pembeni kidogo.

Sababu inayoongoza ni ugumu wa kitu kilicho chini ya miguu ya bipodi. Jiwe, sakafu ya saruji, meza ya mninga, bodi ya gari: vyote hivyo vinairudisha bunduki juu inapopiga teke. Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha sponji ya godoro, ile ngumu, chenye unene wa vidole viwili, ukiweke chini ya miguu, upige tano. Kundi likishuka, umeshapata jibu. Kama huna sponji, kunja khanga mara kadhaa au hamia kwenye udongo wenye nyasi. Watu wa milimani, Mabatini na Bugando, wanapenda kulala juu ya jiwe pana kwa sababu limenyooka na linaonyesha mbali. Kwa bunduki ya springi hapo ni mahali pabaya kuliko pote.

Sababu ya pili: bipodi iko mbele mno. Kadiri unavyosogeza egemeo kuelekea mdomo wa mtutu ndivyo teke linavyopata nguvu ya kuunyanyua. Beba bunduki kwa kidole kimoja mpaka ilale sawa. Hapo ndipo kitovu chake, na kwa bunduki nyingi za kukunja mtutu ni mbele kidogo ya kilinzi cha triga. Sogeza bipodi kuelekea huko kadiri mbao inavyoruhusu. Mara nyingi haitafika, nami naona hilo ni jambo la kukubali mapema: mfuko uliojazwa pumba za mpunga ukiwekwa kwenye kitovu hushinda bipodi ya bei kubwa iliyofungwa mbele. Pumba, si mchanga wa ziwani. Mchanga ukipata unyevu unashikana na kuwa mgumu kama tofali, ukarudi kwenye tatizo lilelile ulilokimbia. Mguu wa jinzi la mtumba ukishonwa pande zote mbili unatoa mfuko mzuri sana.

Sababu ya tatu: bipodi imebanwa kwenye mtutu wenyewe. Kwenye bunduki ya kukunja, mtutu ndio mkono wa kukokia na umeshikwa na bolti moja ya bawaba. Kuuwekea uzito na miguu ni kuuhamisha kila unapopiga. Hakuna marekebisho ya jambo hili. Itoe.

Ukishapitia hayo na kundi bado liko juu lakini limekazana vizuri, basi huna ugonjwa. Una ziro mbili, yaani sehemu mbili ambazo risasi hutua ukilenga palepale: ya mkononi na ya bipodi. Chagua moja, urekebishe darubini kwa hiyo, usichanganye.

Dalili ya pili: matundu yametawanyika bila mpangilio

Anza na skrubu za mbao. Hili ni jambo dogo linalodharauliwa, nalo ndilo linalotibu watu wengi zaidi. Bunduki nyingi za aina hii zina skrubu mbili ubavuni mwa mbao ya mbele, moja kila upande, na moja au mbili kwenye kilinzi cha triga. Mateke yale mawili huzilegeza polepole. Kaza kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu au kwa spana ya aleni inayoenea sawasawa, mpaka ikatae kwa mkono wa kawaida, kisha uache. Ukitumia nguvu za kukazia nati za tairi utaitafuna mbao. Zikilegea tena baada ya muda mfupi, zitoe moja moja, futa mafuta kwa spiriti, weka tone la gundi ya skrubu ya bluu. Nyekundu usiiguse, hiyo ni ya kufunga moja kwa moja, na siku fundi akitaka kuifungua atakulaani.

Zikiwa zimekaza, tazama mshiko. Bipodi inamshawishi mtu kufanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: kuisukuma bunduki mbele ili miguu ijikaze, na kuvuta kitako begani kwa nguvu. Kwa bunduki ya baruti ni sawa. Hapa, nguvu uliyotumia risasi ya kwanza haitakuwa ileile kwenye ya tatu, na tundu linafuata nguvu. Legeza. Mkono wa kushoto usishike mbele kabisa. Ulaze chini ya kitako, ukifinya kimfuko kidogo kupandisha na kushusha. Shavu liguse mbao mahali palepale kila mara. Ukitaka kujua kama unaikaza, vuta triga halafu tazama msalaba wa darubini umetua wapi baada ya teke. Kama kila mara unatua mahali tofauti, mshiko wako unabadilika.

Halafu risasi zenyewe. Ya milimita 4.5 ina uzito wa karibu nusu gramu, ya 5.5 karibu gramu moja, na sketi yake ya nyuma ni nyembamba kiasi kwamba ukiitia mfukoni pamoja na funguo inapinda. Iliyopinda haizibi hewa. Zibakize kwenye kopo, chagua zilizo duara kwa macho, na usichanganye makopo mawili katika jaribio moja. Kila mtutu una risasi unayoipenda, na hakuna njia ya kuijua zaidi ya kujaribu aina mbili tatu. Bipodi inayosifiwa na jirani inaweza kuwa inasifiwa kwa sababu ya kopo lake la risasi.

Ukiwa umefika hapa bila nafuu, kagua maungio ya mtutu. Bunduki ikiwa haijakokiwa wala haina risasi, shika mtutu uutikise kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, bolti ya bawaba imelegea au imelika. Kukaza kidogo kunakubalika kama bolti ina skrubu ya kuifunga na unaiona. Kisha pima oringi ya maungio, ule mpira wa duara unaoziba hewa: weka ukanda wa karatasi laini ya chooni juu ya mwanya wa maungio, mtutu ukiwa umefungwa na bunduki ina risasi, upige kwenye sanduku la shabaha mikono ikiwa mbali na mwanya. Karatasi ikirushwa, hewa inavuja.

Simama hapa. Oringi unaweza kubadili mwenyewe ukiipata ya kipimo. Kufungua silinda ili kutazama springi na pistoni ni kazi ya fundi wa silaha anayetambuliwa. Springi inakaa ndani ikiwa imebanwa hata bunduki isipokokiwa, na ukitoa kifuniko cha nyuma bila kibano maalumu inaruka na kifuniko chake kuelekea uso wako. Fundi baiskeli, hata awe hodari vipi, hana kifaa hicho.

Dalili ya tatu: matundu yamejipanga wima

Matundu yanapangana kutoka juu kwenda chini kwa mstari, kulia na kushoto hakuna shida.

Kwa mtu wa fimbo, yaani anayeegemeza bunduki kwenye fimbo za kulengea zinazopishana juu, sababu ya kwanza ni egemeo linalohama. Risasi ya kwanza umeegemeza sentimita 5 mbele ya kilinzi cha triga, ya pili umejisogeza ukakaa sentimita 15. Bandika kipande cha utepe kwenye mbao, na kila risasi utepe ukae juu ya fimbo. Ni tiba ya dakika moja, na mara nyingi mstari unakatika papo hapo.

Kwa mtu wa bipodi, sababu ya kwanza ni pumzi. Ukilala kifudifudi tumbo linanyanyua kifua na kifua kinanyanyua kitako. Toa pumzi nusu, subiri, vuta triga. Ya pili ni miguu yenye springi zake za kukunjia: baadhi ya bipodi za bei nafuu zinanesa, na mneso wake unagongana na teke. Funga ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli kuizunguka miguu ili isichezecheze, ujaribu tena.

Ikishindikana, rudi kwenye oringi na kwenye risasi. Hewa inayovuja kidogo inabadilisha kasi kutoka risasi hadi risasi, na kasi ikibadilika tundu linapanda na kushuka.

Dalili ya nne: matundu yanaelea kulia au kushoto

Upepo kwanza. Asubuhi na mapema ufuko huwa umetulia, na kadiri jua linavyopanda nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unaanza kuingia kutoka ziwani. Mchana unakuwa na nguvu. Risasi ya nusu gramu kwa mita 40 upepo wa ubavuni unaihamisha sentimita kadhaa. Kama unapima kifaa, pima kabla ya saa nne asubuhi au nyuma ya ukuta. Ukipima saa tisa alasiri huku Luchelele, unachopima ni upepo.

Pili, bunduki imeinama. Bipodi yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, au iliyowekwa kwenye mteremko, inailaza bunduki ubavu bila wewe kujua kwa sababu jicho linazoea. Ikilala nyuzi 5 tu, kwa mita 20 ni vigumu kutofautisha na makosa ya mkono, lakini kwa mita 40 inaweza kukuhamisha karibu sentimita 2. Ning'iniza uzi wenye jiwe nyuma ya shabaha, ulinganishe na mstari wima wa darubini. Bipodi yenye kichwa kinachogeuka inasaidia hapa, mradi iwe na kikazio. Isiyo na kikazio inaanguka upande wowote unaoutaka yenyewe.

Tatu, ukisimama na fimbo mbili, mkono unasukuma bunduki kwenye fimbo moja. Jenga mazoea ya kuiacha ilale katikati ya pembe, pale fimbo zinapopishana.

Dalili ya tano: bipodi inalegea na kuhama

Bipodi inayofungwa kwenye skrubu ya mkanda inategemea skrubu hiyo ndogo peke yake. Kaza, weka wosha ya mpira kati ya chuma na mbao. Wosha inakatwa kwenye tyubu kuukuu kwa mkasi. Inazuia isiteleze na inapunguza ugumu kidogo. Bipodi ya kubana kwa taya inahitaji ngozi au mpira ndani ya taya, vinginevyo inakwaruza na bado inahama.

Kama bunduki yako haina skrubu ya mkanda, usitoboe tundu mwenyewe. Chini ya mbao ya mbele kuna mfereji mrefu ambamo unapita mkono unaounganisha mtutu na pistoni, na pembeni mwake mbao imebaki nyembamba. Wengi wametoboa, skrubu ikatokea ndani ya mfereji, ikauzuia mkono huo katikati ya safari. Ukiona mpasuko wowote kwenye mbao, hata mwembamba kama unywele, hasa nyuma ya triga au pembeni mwa skrubu za mbele, acha kupiga. Gundi ya mbao ya dukani haitoshi kwa mateke ya kwenda na kurudi. Mpelekee fundi silaha.

Dalili ya sita: miguu inazuia kukoki

Hii naitenga kwa sababu inaumiza watu. Ukiwa umelala, ni uvivu wa kawaida kutaka kukoki bila kuinuka, miguu ya bipodi ikiwa bado imefunguka. Mtutu unafika nusu, unagonga mguu, mkono unateleza. Mtutu ulioachiwa katikati ya safari unarudi juu kwa nguvu yote ya springi. Unaweza kuvunja vidole, na unaweza kupinda.

Kunja miguu kwanza. Inuka, koki ukiwa umekaa au umepiga goti, mdomo wa mtutu ukielekea upande wa shabaha. Unapoingiza risasi, mkono mmoja ubaki umeushikilia mtutu mpaka ufungwe. Kwa bunduki yenye kono la kukokia chini au ubavuni ni lazima zaidi: kidole kikiwa ndani ya nafasi ya risasi, mkono wa pili usiliachie kono hata kidogo. Usifunge bipodi kwenye kono hilo.

Na usiiache bunduki imekokiwa juu ya bipodi ukaenda kutazama karatasi. Bunduki iliyosimama yenyewe inapendeza, watoto wanaisogelea.

Simama hapa pia: ikijifyatua yenyewe unapoifunga, au triga ikiwa nyepesi ghafla kuliko jana, weka chini, usiikoki tena. Ikigoma kufyatuka ikiwa imekokiwa, ielekeze kwenye udongo, usiifungue, usiisafirishe katika hali hiyo. Mwite fundi aje ilipo.

Dalili ya saba: darubini inarudi nyuma au ziro inakimbia

Watu wanailaumu bipodi kwa sababu tatizo limeonekana siku ileile waliyoifunga. Tazama reli, ule mfereji wa juu ya bunduki ambao darubini imefungwa. Teke la mbele linaiacha darubini nyuma, kwa hiyo pete zinazoishika zinateleza polepole kuelekea jichoni. Chora alama ya penseli nyuma ya pete, piga risasi ishirini, tazama alama.

Imesogea? Toa pete, futa reli ya milimita 11 na taya za pete kwa spiriti mpaka zikauke kabisa, rudisha, kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kwa msalaba. Kama reli ina tundu dogo nyuma, tafuta pete yenye pini ya kuingia humo. Bila pini, bunduki yenye nguvu itashinda.

Haijasogea lakini ziro inakimbia? Darubini nyingi za bunduki ya baruti zimejengwa kuhimili teke la nyuma peke yake, na bunduki ya springi inazivunja kwa ndani. Itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, imekwisha. Usiifungue, ndani hakuna cha kutengeneza kwa mkono. Nyingine zimewekewa umbali usiobadilika wa karibu mita 90, kwa mita 20 ukisogeza jicho kidogo msalaba unahama juu ya karatasi. Nunua inayoandikwa kuwa ni ya bunduki ya upepo na inayorekebishika kushuka hadi mita 10.

Dalili ya nane: fimbo zinateleza, zinazama, zinatikisika

Mimi nazipenda fimbo kuliko bipodi kwa bunduki hizi, sababu ikiwa moja: mkono wako unaweza kukaa kati ya fimbo na mbao. Shika fimbo mbili pale zinapopishana, kidole gumba na cha shahada viwe juu ya pembe, bunduki ilale kwenye bonde la vidole hivyo. Hapo fimbo inabeba uzito na nyama ya mkono inapokea teke. Ukilaza mbao moja kwa moja kwenye mianzi umerudi kwenye dalili ya kwanza.

Zikiteleza juu ya jiwe, visha ncha zake mipira ya magongo ya kutembelea. Maduka ya vifaa vya hospitali huwa nayo. Zikizama kwenye mchanga wa ufukweni, kata viduara vya tairi kuukuu vyenye upana wa kiganja, toboa, uvivishe kama sahani. Zikitikisika, mara nyingi ni ndefu mno: kwa aliyekaa, pembe iwe usawa wa kidevu chini kidogo, usitembee na kipimo cha aliyesimama. Fungio la tyubu likiwa limelegea, zungusha tena. Tyubu ya baiskeli inatosha kuliko ya gari kwa sababu ni nyembamba na inabana vizuri. Mwanzi ulionyauka na kupasuka kwenye kifundo tupa, usiufunge waya.

Fimbo tatu zinasimama zenyewe na wanaoanza wanazifurahia. Mbili zinamfundisha mtu haraka zaidi, hayo ni maoni yangu.

Dalili ya tisa: mlio umebadilika, moshi, harufu ya mafuta ya kuungua

Hii haina uhusiano na bipodi, lakini hujitokeza kwa wanaofanya usafi kabla ya kufunga kifaa kipya. Unyevu wa ziwa unaleta kutu, kwa hiyo mtu anamimina mafuta kila tundu. Mafuta yakiingia kwenye silinda, hewa iliyobanwa inapata joto la kuyawasha: mlio unakuwa mkali, moshi unatoka mdomoni mwa mtutu, matundu yanaruka juu. Bunduki mpya inaweza kutoa moshi kidogo mwanzoni, kisha ikaacha. Ikiendelea kupasuka kama baruti, acha. Sili ya pistoni, yaani kizibo chake cha hewa, inaungua na springi inaumia. Mafuta ya kupikia, ya breki, ya cherehani na ya kupuliza ya kwenye kopo yasiingie humo. Kutu futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nje tu.

Mlio wa kukwaruza au wa bati linalogonga unapokoki ni springi iliyopinda au kukatika. Nguvu ikishuka ghafla, ni hiyo pia au ni sili. Usiendelee kupiga ili uone kama itapona, na usipige bila risasi ndani. Pistoni ikikosa hewa ya kuizuia inagonga chuma kwa chuma.

Ukimpelekea fundi silaha, nenda na bunduki isiyokokiwa, isiyo na risasi, ndani ya begi, pamoja na karatasi zako za kibali. Chukua na bipodi, darubini ikiwa bado imefungwa kama ulivyoitumia, na zile karatasi za shabaha ulizopiga, kila moja ikiwa imeandikwa umbali, egemeo na aina ya risasi.